Kujiandaa kwa mtihani wa M2: ukaguzi wa mitambo ya majengo ya biashara Marekani

Fundi wa AC mwenye miaka 15 kazini ana kasoro moja anapoingia kwenye mtihani huu: anaijua kazi. Anasoma swali, anakumbuka paa alilopanda wiki iliyopita, anajibu kama walivyofanya kule, anakosa. Wanaotahini wanataka kujua kitabu cha kanuni kinasemaje, basi. Nimewaona mafundi hodari wakirudia mara mbili na mara tatu, na kijana asiyejua hata kushika spana akapita mara ya kwanza kwa sababu kila swali alilifungulia kitabu.

Nawaandikia wenzetu walioko Marekani, waliobeba mitungi ya gesi ya friji ngazi kwa ngazi miaka kadhaa, na sasa magoti yanalia. Ofisi za majengo za miji na kaunti huajiri wakaguzi, na cheti cha M2 ni mojawapo ya milango ya kuingilia.

Kwanza, hakikisha huu ndio mtihani unaotakiwa kwenu

M2 hutolewa na International Code Council, ICC, iliyoanzishwa mwaka 1994 na mashirika matatu yaliyokuwa yakiandika kanuni za ujenzi kila moja kivyake. Herufi M ni mitambo ya hewa, joto na ubaridi, na namba 2 ni majengo ya biashara. M1 ni ya nyumba za kuishi. Ukija kuongeza B2 ya ujenzi, E2 ya umeme na P2 ya mabomba ya maji, unapata cheti cha mkaguzi wa fani zote za majengo ya biashara, na hapo mshahara unazungumzika vizuri zaidi.

ICC haidai uwe na diploma wala miaka fulani ya kazi ili ufanye M2. Mwajiri ndiye anaweza kudai. Pia si kila jimbo linafuata vitabu vya ICC. California, kwa mfano, inajenga kanuni zake za mitambo juu ya kitabu kingine kabisa, kile cha shirika jingine la kanuni liitwalo IAPMO. Minnesota na Ohio zinafuata msingi wa ICC, lakini kila jimbo limeongeza na kupunguza mambo yake. Kabla ya kutoa hata dola moja, pigia simu ofisi ya majengo unayotaka ikuajiri, uliza mambo mawili: mnataka cheti gani, na cha toleo la mwaka gani?

Hilo la toleo lishike sana. Vitabu hivi hutolewa upya kila baada ya miaka 3: 2015, 2018, 2021, 2024. Unapojiandikisha unachagua toleo, na maswali yatatoka humo. Mimi nilinunua kitabu kilichotumika, bei ya kutupwa, nikakisoma mwezi mzima kabla ya kugundua kuwa ni cha toleo la nyuma ya lile nililojiandikishia. Sehemu nyingi zilifanana, lakini vifungu kadhaa vilikuwa vimehama namba na majedwali mengine yamebadilika. Vialamisho vyote nilivyobandika nikavibandua kimoja kimoja.

Vitabu ni viwili, na cha pili ndicho kinachoangusha watu

Cha kwanza ni International Mechanical Code, IMC. Cha pili ni International Fuel Gas Code, IFGC, kinachohusu gesi asilia na gesi ya mitungi: mabomba yake, majiko yake, na njia za kutolea moshi wake. Watu husoma IMC mpaka kurasa zinalegea, halafu IFGC wanaipitia usiku mmoja kabla ya mtihani. Usifanye hivyo. Kama umetoka kwenye AC na majokofu, huenda gesi ya kupikia ndiyo ngeni kwako kuliko yote.

Mtihani ni wa kitabu wazi. Hilo linasikika kama zawadi, kumbe ndilo linalowaponza watu: wanaona hakuna haja ya kusoma kwa kuwa kitabu kitakuwa mezani. Ukiwa na dakika mbili kwa swali na vitabu viwili mbele yako, huna muda wa kutafuta kwa kubahatisha.

Chora ramani ya kitabu kichwani

Wiki mbili za mwanzo usihangaike na maswali. Jifunze mambo yanakaa wapi. Katika IMC, sura ya 1 ni mamlaka, vibali na ukaguzi wenyewe. Usiidharau, maswali yake ni mepesi na yanapatikana haraka. Sura ya 2 ni maana za maneno. Ya 3 ni masharti ya jumla: nafasi ya kuufikia mtambo, maji yanayodondoka kwenye AC, mtambo ulio darini au juu ya paa. Ya 4 ni hewa ya nje inayoingizwa ndani, ya 5 ni hewa chafu inayotolewa, ya 6 ni dakti, yaani njia za kupitishia hewa. Ya 7 ni hewa ya kuunguzia, ile ambayo moto unahitaji ili uwake, ya 8 dohani, ya 9 mitambo maalumu, ya 10 boila na hita za maji, ya 11 friji na gesi zake, ya 12 mabomba ya maji moto na baridi ya mitambo, ya 13 mafuta, ya 14 joto la jua. Ya 15 ni orodha ya viwango vinavyotajwa.

Katika IFGC, sura ya 3 ni masharti ya jumla pamoja na hewa ya kuunguzia, ya 4 ni mabomba ya gesi, ya 5 dohani na mabomba ya moshi, ya 6 vifaa.

Nguvu zako ziweke kwenye sura za 3, 4, 5 na 6 za IMC, na za 3 na 4 za IFGC. Sura ya 13 na ya 14 zisome mara moja, ujue zilipo, uendelee.

Weka kialamisho kwa kila sura, na kingine kwa kila jedwali utakalolirudia. Visizidi vile jicho linavyoweza kuvitofautisha. Nimeona kitabu chenye vialamisho zaidi ya 100, mwenyewe hakupata chochote ndani yake. Tumia vile vinavyoshika moja kwa moja, maana vibandiko vya kubanduka na karatasi zisizofungwa huleta matatizo kwa wasimamizi. Kisha jifunze kutumia faharasa ya nyuma. Chagua neno kwenye swali, nenda kwenye faharasa, fungua kifungu. Fanya zoezi hilo mara 20 kwa siku ukiwa na saa ya kuhesabu. Likufikie kama kutafuta namba ya mtu kwenye simu.

Kiingereza cha kanuni si Kiingereza cha kazini

Hapa sisi tuna faida moja na hasara moja. Faida ni kwamba tulijifunza Kiingereza darasani, tumezoea kusoma sentensi kwa makini. Hasara ni kwamba sentensi hizi zimefungwa fundo juu ya fundo.

Neno *shall* ni lazima. *May* au *is permitted* ni ruhusa. *Not less than* maana yake kisipungue, *not more than* kisizidi, na mtahini anafurahia sana kukugeuzia hayo mawili. Neno *exception* ndilo la kuogopa zaidi. Kifungu kinakupa sharti, unalikuta, unafurahi, unajibu. Mstari unaofuata unasema isipokuwa pale ambapo hali ni kadha wa kadha, na hali hiyohiyo ndiyo iliyoko kwenye swali. Jiwekee desturi: ukipata jibu, soma mistari ya msamaha iliyo chini yake kabla ya kubonyeza.

Kuna maneno matatu ambayo kazini tunayachanganya na kitabu hakiyachanganyi. *Approved* ni kitu kilichokubaliwa na ofisa wa kanuni. *Listed* ni kitu kilichomo kwenye orodha ya chombo kinachotambulika cha kupima vifaa. *Labeled* ni kitu chenye nembo ya chombo hicho mwilini mwake. Kifaa kinaweza kuwa kimoja kati ya hivyo bila kuwa kingine. Sura ya 2 ya kila kitabu isome yote, polepole, kama unavyosoma mkataba wa kiwanja.

Jambo jingine ni vipimo. Tuliosoma kwa mita na lita, akili hukimbilia huko. Vitabu vinaandika vipimo vyote viwili, lakini mtihani unakwenda kwa futi, inchi, na futi za ujazo kwa dakika. Acha kabisa kubadilisha. Fikiri kwa inchi.

Jikoni: sehemu ya kukaa nayo muda mrefu

Sura ya 5 ina kurasa nyingi kuhusu majiko ya mikahawa, na nadhani ndiyo yenye utamu kuliko zote. Anza na hudi, ile kofia ya kunyonya moshi. Aina ya I ni kwa majiko yanayotoa mafuta au moshi. Aina ya II ni kwa vifaa vinavyotoa joto na mvuke tu, kama mashine ya kuoshea vyombo. Swali likitaja kikaango cha chipsi, hata usifikiri, ni aina ya I.

Kisha kitabu kinayapanga majiko kwa uzito wa kazi: mepesi, ya kati, mazito, na mazito mno. Fikiria mwenzetu amefungua mkahawa wa nyama choma Minneapolis, anataka kuchoma kwa mkaa kama kule Kiamaiko, Nairobi. Moto wa mkaa au kuni unaingia daraja la mazito mno, moja kwa moja. Hudi ya kubandikwa ukutani inatakiwa kunyonya futi za ujazo 550 kwa dakika kwa kila futi ya urefu wake. Jiko zito la kawaida lingetaka 400. Kwa hudi ya futi 10, tofauti ni 5,500 dhidi ya 4,000. Akiiweka hudi hiyo katikati ya ukumbi, pasipo ukuta, kiwango kinapanda hadi 700 kwa futi. Juu ya hayo, hudi ya mkaa hairuhusiwi kufunika majiko ya daraja la chini, na mfumo wake wa kutolea moshi lazima ujitegemee. Yule bwana aliyepanga kuweka choma, chapati na chai chini ya kofia moja itabidi apange upya. Namba hizi ni za hudi ambazo hazikupimwa na kuorodheshwa kwa kiwango cha UL 710. Iliyoorodheshwa hufuata maelekezo ya orodha yake.

Dakti inayobeba moshi wa mafuta ya kupikia kutoka kwenye hudi nayo ina namba zake, na zote huulizwa. Chuma kisiwe chembamba kuliko inchi 0.0575, au 0.0450 kikiwa ni chuma kisichoshika kutu. Viungo vichomelewe kwa nje mfululizo, kimiminika kisivuje. Ilalie upande wa hudi kwa robo inchi kwa kila futi, na sehemu ya kulala ikizidi futi 75, mlalo uongezeke hadi inchi 1 kwa futi. Iwe umbali wa inchi 18 kutoka kitu kinachoungua. Kasi ya hewa ndani yake isipungue futi 500 kwa dakika. Juu ya paa, mdomo wa kutolea uinuke inchi 40 kutoka usawa wa paa. Kupima uvujaji, kitabu kinaruhusu taa: unapitisha balbu isiyopungua wati 100 ndani ya dakti, mwanga ukionekana nje, pametoboka.

Na hewa inayotolewa lazima ifidiwe. Tofauti ya joto kati ya hewa ya kufidia na hewa ya chumbani isizidi nyuzi 10 za Fahrenheit, na kifungu hicho kina misamaha yake. Unakumbuka nilichosema juu ya misamaha.

Katika sura hiyohiyo kuna mashine ya kukaushia nguo. Bomba lake lisizidi futi 35, lakini kila kona inakula urefu. Kona kali ya nyuzi 90 ya bomba la inchi 4 inakula futi 5. Kona mbili, umebaki na futi 25. Swali hili huonekana jepesi na watu hujibu 35.

Hesabu tatu za kufanyia mazoezi hadi zichoshe

Ya kwanza ni hewa ya nje. Kila aina ya chumba kwenye jedwali la sura ya 4 ina kiwango kwa mtu na kiwango kwa eneo, navyo hujumlishwa. Chukua ofisi ya futi za mraba 1,000. Jedwali la toleo la 2021 linahesabu watu 5, kila mmoja futi za ujazo 5 kwa dakika: hiyo ni 25. Eneo ni 1,000 mara 0.06: hiyo ni 60. Jumla 85. Wengi huishia hapo. Sasa swali linaongeza kwa upole kwamba hewa ya joto inatoka darini na kurudi darini. Hewa ya joto hupenda kubaki juu, kwa hiyo mgawo wa ufanisi wa kuisambaza unashuka hadi 0.8, na 85 ukigawa kwa 0.8 unapata 106. Kwenye majibu utazikuta 85 na 106 zote mbili, zimekaa kimya zinakungoja.

Ya pili ni ukubwa wa bomba la gesi. Kwa gesi asilia, chukua futi moja ya ujazo kuwa Btu 1,000 (Btu ni kipimo cha joto). Mtambo wa Btu 240,000 kwa saa unakula futi 240. Tuseme kutoka mita hadi kifaa cha mbali kuliko vyote ni futi 60. Kwenye jedwali la bomba la chuma la Schedule 40 (daraja la unene wa bomba), shinikizo la chini ya psi 2 (ratili kwa inchi ya mraba) na upotevu wa shinikizo wa inchi 0.5 za maji, shuka hadi mstari wa futi 60: bomba la robo tatu inchi linapitisha 137, la inchi 1 linapitisha 257. Jibu ni inchi 1. Mtego uko kwenye matawi. Kwa njia ya urefu mkubwa kuliko wote, tawi fupi lililo karibu na mita nalo linasomwa kwenye mstari uleule wa futi 60. Fundi anayejua kazi atasema tawi hili ni futi 15 tu, atasoma mstari mwingine, na atakosa.

Hakikisha pia uko kwenye jedwali lenyewe. IFGC ina majedwali mengi yanayofanana kama mapacha, na kichwa cha jedwali ndicho kinachotaja aina ya bomba, gesi, shinikizo na upotevu. Weka kidole kwenye kichwa kwanza.

Ya tatu ni hewa ya kuunguzia. Njia ya kawaida inataka futi za ujazo 50 za chumba kwa kila Btu 1,000 za mitambo iliyomo. Mitambo ya Btu 200,000 inataka futi 10,000. Chumba cha 30 kwa 20, chenye kimo cha futi 10, kina 6,000. Hakitoshi, toboa kwenda nje. Matundu mawili yanayofungukia nje moja kwa moja yanataka inchi 1 ya mraba kwa kila Btu 4,000, yaani inchi 50 kila tundu. Yakipitia dakti za kulala, ni inchi 1 kwa kila 2,000, yaani 100. Tundu moja peke yake, inchi 1 kwa kila 3,000.

Namba nyingine za kuwa nazo karibu

Hizi ninazitaja haraka. Mtambo ulio darini: njia isipungue inchi 30 kwenda juu na 22 kwa upana, na nafasi tambarare ya kazi 30 kwa 30. Mtambo wa kuhudumiwa ulio ndani ya futi 10 kutoka ukingo wa paa ambako chini ni zaidi ya inchi 30: reli ya inchi 42. Mdomo wa kuvuta hewa ya nje: futi 10 kutoka chanzo cha uchafu. Kitambua moshi: mfumo wa hewa unaozidi futi za ujazo 2,000 kwa dakika. Kiungio cha dakti laini: kisizidi futi 14, na kisipite ukutani. Kupima mabomba ya maji ya mitambo: mara moja na nusu ya shinikizo la usanifu, kisipungue psi 100, kwa dakika 15. Kupima bomba la gesi: mara moja na nusu pia, lakini kisipungue psi 3.

Ratiba na siku yenyewe

Kwa mtu anayefanya kazi mchana, wiki 10 zinatosha ukipata saa moja kila jioni na saa tatu siku ya mapumziko. Wiki mbili za ramani na faharasa, nne za IMC, mbili za IFGC, mbili za mazoezi kwa saa. Katika mazoezi, andika namba ya kifungu pembeni mwa kila jibu. Jibu lisilo na namba ya kifungu, hata likiwa sahihi, lihesabu umekosa.

Mtihani unaweza kuufanyia nyumbani kwa mfumo wa ICC uitwao PRONTO, mtu akikusimamia kupitia kamera. Atataka kuona chumba na meza. Waambie watoto na wageni mapema. Mlango ukifunguliwa katikati ya mtihani utapata taabu bure. Kama mna nyumba isiyopoa, na zetu nyingi hazipoi, omba chumba maktaba au kwa rafiki asiye na familia. Usiku wa kuamkia, soma upya maelekezo ya watahiniwa kuhusu vitabu na kalkuleta zinazoruhusiwa.

Ukianza, pita mara ya kwanza ukijibu yale tu unayojua kifungu chake kilipo. Swali la hesabu ndefu liwekee alama, liache. Mara ya pili rudi kwenye yanayohitaji faharasa. Mara ya tatu ndipo ukae na mabomba ya gesi na kalkuleta. Usiache swali tupu.

Ukianguka, utaletewa taarifa inayoonyesha maeneo uliyolegea. Irudie wiki hiyohiyo wakati maswali bado yako kichwani, fungua kila sura iliyotajwa, kisha jiandikishe tena kabla vitabu havijarudi kabatini. Ukipita, andika tarehe kwenye kalenda: cheti huhuishwa kila baada ya miaka 3 kwa saa za masomo ya kuendelea, na ofisi nyingi hulipia masomo hayo ukiwaomba kabla bajeti ya mwaka haijafungwa.